Noti ya AA na Mkebe wa Gavana

Nyumba yangu iko Mumbuni, hapa Machakos. Ukifungua dirisha la jikoni unaiona milima ya Iveti. Ukifungua bomba huoni kitu. Habari ya bomba nakupa mapema, msomaji mwenzangu, kwa sababu mkasa wote ulianzia hapo, na mke wangu ameniambia nikiusimulia nianze na maji, nisianze na yeye.

Basi nimeanza na maji.

Mke wangu ni Mama Mueni. Akiwa mbali mimi humwita Hazina Kuu. Kila shilingi inayoingia nyumba hii huingilia mkononi mwake, na ikitaka kutoka hujieleza kwanza. Mueni, kifungua mimba, yuko sekondari ya bweni na huandika barua za mahitaji kama wakili. Anayemfuata ni Kioko, tunayemwita Mkaguzi, maana akitumwa dukani hurudi na salio, risiti na maswali. Kitinda mimba ni Ndunge, miaka sita, hajapewa cheo bado, ila ukimwachia kalamu karibu na karatasi yoyote utajuta. Halafu kuna shemeji yangu, Mjomba Nirushie. Huyu akipiga simu hasalimu. Husema "nirushie kitu kidogo kwa M-Pesa" kisha ndipo anauliza kama tu wazima. Ndunge alidhani ndilo jina alilobatiziwa, akamtaja hivyo mbele ya mchungaji.

Juu yetu sote yuko Gavana. Si gavana wa kaunti, yule angalau tunampigia kura. Huyu ni mama mkwe. Alikuja Julai 2019 kutoka upande wa Masii ili atolewe mtoto wa jicho, akae wiki mbili apone, arudi kwa mbuzi wake. Jicho moja lilipona vizuri. La pili lilibaki na ukungu. Wiki mbili zenyewe hazijaisha hadi leo.

Ukiwa Mkamba unajua taabu yangu bila kuelezwa. Kwa wengine nitasema hivi: kwetu kuna nthoni, ile heshima ya mkwe inayomfanya mwanamume mzima apite kando ya njia akimwona mama wa mkewe. Chumba chake hukiingii. Kitanda chake hukikalii. Ubishi naye haupo. Sasa chukua heshima iliyotengenezewa watu wanaoishi vijiji viwili tofauti, uitie katika nyumba ya vyumba vitatu yenye choo kimoja.

Jina la Gavana alilipata kwa sababu ya mkebe. Ni mkebe wa Kimbo, ule mkubwa, uliokwisha mafuta zamani za Moi. Agosti 2019 alinipa huo mkebe umefungwa kwa kitambaa na uzi wa katani, akaniambia, "Baba Mueni, nitunzie hiki, panya wasikifikie." Sikuuliza kilichomo. Nthoni! Mimi nina duka la mbegu na dawa za mifugo pale mjini, na mkebe wa mwanamke wa Masii huwa na kitu kimoja tu, mbegu. Nikauweka rafu ya juu, katikati ya mahindi ya Katumani na dawa ya kupe, nikaridhika kwamba nimetumikia ukoo.

Wewe unakumbuka mwaka ule. Tarehe 1 Juni, sikukuu ya Madaraka iliyofanyiwa Narok, Patrick Njoroge, gavana wa Benki Kuu wakati huo, alitangaza noti mpya. Hamsini, mia, mia mbili na mia tano za zamani zingeendelea kutumika sambamba na mpya. Elfu ya zamani peke yake ndiyo iliyohukumiwa: ikifika 30 Septemba, basi, itabaki karatasi. Shabaha ilikuwa noti bandia na pesa chafu. Redio ilisema kila siku. Mimi nilisema dukani kila siku, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Jamani, leteni elfu zenu!" Nikisema hivyo mkebe ulikuwa hatua mbili kutoka kichwani pangu.

Novemba mvua ikaja, Gavana akaomba mkebe wake anunue ndama. Nikampelekea, nikaweka mezani kwa mikono miwili. Akafungua kitambaa. Ndani ya mkebe kulikuwa na mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kulikuwa na leso, na ndani ya leso kulikuwa na elfu kumi na moja, zote za Mzee Kenyatta, zimekunjwa mara nane nane kama dawa ya mganga.

Hakuna aliyesema neno. Hata Mkaguzi.

Benki Kuu ilikuwa imeshafunga hesabu Oktoba. Elfu za zamani zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa zaidi ya milioni 217, na takriban milioni 7.4 hazikurudi. Mtaani tuliapa kwamba hizo shilingi bilioni saba na ushei ni za wezi wakubwa walioogopa kuulizwa wamezitoa wapi. Nami niliapa pamoja nao. Ninaomba radhi. Kumi na moja kati yake zilikuwa kwangu, kati ya mbegu na dawa ya kupe.

Gavana hakunilaumu, na hapo ndipo penye uchungu. Alisema tu, "Nilifikiri mtu wa duka anajua pesa." Hazina Kuu alitoa hukumu usiku huohuo: nilipe elfu moja kila mwezi, miezi kumi na mmoja, na zile karatasi nizichukue mimi. Kwa hiyo nilianza kukusanya noti kama ambavyo watu wengine huanza kufuga nyuki, kwa kuumwa.

Noti niliyoilipia hela kamili siwezi kuitupa. Nikazinyoosha zote chini ya godoro, nikatafuta mahali pa kuziweka. Albamu za noti zinauzwa ghali, lakini albamu ya harusi yetu ilikuwa na kurasa tisa za nyuma ambazo hazikupata picha, maana mpigapicha aliishiwa na filamu kabla ya keki. Nikaziweka humo. Sehemu hii ya albamu ikumbuke, itarudi.

Mtu akishakuwa na noti kumi na moja zisizonunua chochote, ana wakati wa kuzitazama. Nikanunua lenzi ya kukuzia. Nikajifunza kwamba noti za kwanza za Benki Kuu ya Kenya zilitoka Septemba 1966, zenye sura ya Mzee Jomo. Kwamba Moi aliingia baadaye. Kwamba mia tano ilikuja 1988 na elfu ikaja 1994. Ile mia tano vijana waliiita jirongo baada ya uchaguzi wa 1992, na nilipomweleza Mkaguzi kwamba hilo ni jina la mtu, Cyrus Jirongo wa YK'92, lile kundi la kampeni la KANU, alitaka kujua kama mtu huyo alipata malipo yoyote kwa kutumiwa jina. Nikajifunza pia kwa nini Mzee Jomo alitoka: Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inasema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu binafsi. Ndipo noti za 2019 zikaja na wanyama na jumba la KICC. Lakini mbele ya KICC pana sanamu ya Mzee ameketi, nayo ikaonekana kwenye noti, na Okiya Omtatah akaenda mahakamani akidai huyo ni mtu binafsi aliyerudi kwa mlango wa nyuma. Kesi ilitupwa.

Nilimsomea Gavana haya yote jioni moja. Alisikiliza, akauliza, "Hilo jumba alijenga nani?" Nikasema mchoro ulikuwa wa Karl Henrik Nøstvik wa Norwei pamoja na David Mutiso, likafunguliwa 1973. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Novemba ile. "Mutiso," akasema. "Sasa ni jumba letu." Tangu siku hiyo kila noti akiishika huisifu kwa niaba ya Ukambani.

Na anazishika! Mimi natumia lenzi, yeye anatumia kidole gumba. Noti mpya zina mistari minene iliyoinuka kwenye kingo, imewekwa kwa ajili ya wasioona, na kadiri thamani inavyopanda ndivyo mistari inavyoongezeka. Gavana hakuambiwa na mtu. Jicho lilipokuwa na ukungu aliigundua mwenyewe akihesabu mchango wa chama, na leo anaweza kupanga hamsini hadi elfu gizani stima ikipotea, huku mimi natafuta tochi. Ndiyo sababu chama cha akina mama wa mtaa wetu kilimpa fedha zote azitunze. Mwenye hazina kwenye vitabu ni mke wangu. Mkebe ni wa Gavana.

Sasa twende kwenye noti yenyewe.

Mwaka 2020 mteja mmoja alikuja kununua dawa ya kupe akanilipa elfu mpya, mbichi, haijapata hata mkunjo. Ndovu amesimama kama amepigwa pasi. Nambari yake ilianza na AA, herufi za chapa ya mwanzo kabisa. Kwa mkusanyaji hiyo ni kama kupata kifungua mimba. Halafu nikatazama tarakimu nne za mwisho: 2006. Mwaka wa harusi yetu! Nilitetemeka, msomaji. Nikaweka elfu yangu nyingine kwenye droo ya duka, nikaibeba ile nyumbani ndani ya kitabu cha hesabu, nikaiweka ukurasa wa mbele wa sehemu yangu ya albamu, mkabala na picha ya mwisho ambapo mke wangu ananyoosha mkono kuelekea keki isiyopigwa. Sikumwambia. Nilitaka tufike miaka ishirini ya ndoa nimshangaze.

Miaka minne hivi ikapita kwa amani. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa elfu zenye sahihi ya Kamau Thugge na uzi mpya wa usalama, mengine mengi yakibaki kama yalivyokuwa. Nikatafuta moja, nikaiweka kando ya ile ya AA. Watu wa nyumbani walitazama noti mbili zinazofanana kabisa nikizilinganisha kwa lenzi mezani, chai ikipoa, na nikamsikia Mueni akimwambia mamake, "Baba ana thao mbili za kuangaliwa na mimi sina viatu."

Januari iliyofuata, Jumamosi ya kurudisha watoto shuleni, bomba lilikuwa limekauka siku ya tano. Kulikuwa na sare za kufuliwa, mashati ya Mkaguzi yenye wino wa Ndunge, na sufuria ya muthokoi iliyoungua kwa kungoja maji. Mimi nilikuwa dukani. Mzee wa Punda, muuza maji wetu, akafika na mitungi kumi na miwili, thelathini kila mmoja. Na huyo mzee hapokei M-Pesa, simu yake ilianguka kisimani. Hazina Kuu alipekua droo, akapekua mfuko wa koti langu la kanisani, akapekua kibeti chake. Hakuna noti. Kisha akakumbuka kwamba katika albamu yake ya harusi kuna noti.

Najua utasema, si angechukua ile ya Thugge? Hilo nililiuliza mimi mwenyewe jioni, nikajibiwa: "Ya mwaka jana si ni mpya? Nikachukua ile kuukuu."

Nilifika nyumbani saa kumi na moja, nikafungua albamu nimwonyeshe jirani ile AA. Nikakuta dirisha tupu la plastiki na keki isiyopigwa. Nambari nilikuwa nimeiandika kwenye daftari, hivyo nikachukua daftari, lenzi, Mkaguzi, na elfu yangu nyingine ya kubadilishana nayo, nikatoka mbio.

Mzee wa Punda tulimpata akinywesha mnyama wake. Alikuwa hana chenji ya mia sita na arobaini, akaivunja ile elfu buchani. Tukaenda buchani. Mwenye bucha alikuwa mwenye haraka na bucha imeanza kuingia giza. Akaniambia elfu aliyopewa asubuhi hana, alimlipa kijana wa bodaboda aliyemletea mbuzi, ila nikinunua kitu ataniambia ni kijana yupi. Nikanunua nusu kilo kwa mia tatu na hamsini. Nikatoa elfu yangu, akanirudishia mia tano, mia na hamsini, nikazitia mfukoni bila kuzitazama. Mimi, mwenye lenzi mkononi! Mkaguzi alisema, "Baba, hukuangalia." Nikamwambia watu wazima wanazungumza.

Kijana wa bodaboda tulimkuta stejini. Ile elfu, akasema, alimpa mamake mchana. Mamake tukamkuta akichambua kunde mlangoni. Akacheka. "Baba Mueni, si leo ni siku ya chama? Nimemlipa mkeo michango ya miezi miwili saa tisa."

Yaani nimezunguka Mumbuni nzima na lenzi, na noti imerudi nyumbani kabla yangu, kwa miguu yake, ikapita sebuleni, ikaingia chumba ambacho mimi siruhusiwi kuingia, ndani ya mkebe wa Kimbo.

Tulirudi. Nikamkabidhi Hazina Kuu nyama na chenji, nikamweleza kwa upole. Gavana alikuwa kwenye kiti chake, akanyoosha mkono kupokea zile pesa azihesabu, kwa mazoea tu. Hamsini, sawa. Mia, sawa. Alipofika kwenye mia tano kidole gumba kilisimama. Akarudia ukingo wa kushoto. Akarudia wa kulia.

"Huyu simba," akasema, "hana mifupa."

Nikaichukua, nikaipeleka kwenye taa. Uzi haukubadilika rangi hata nilipoiinamisha. Kichwa cha simba kinachopaswa kuonekana ukiinua noti dhidi ya mwanga kilikuwa kama paka aliyechorwa na Ndunge. Bandia tupu. Mkaguzi hakusema kitu, alifungua daftari lake akaandika. Kisheria, noti bandia haitumiki wala hairudishwi kwa aliyekupa, inapelekwa polisi au benki. Nikaipeleka Jumatatu nikabaki na hasara ya jirongo zima.

Lakini usiku ule nilikuwa bado na tumaini. Nikamwomba Gavana, kupitia kwa mke wangu, kwani moja kwa moja haifai, afungue mkebe, nibadilishane elfu kwa elfu. Yeye akajibu, naye kupitia kwa mke wangu, tukiwa sote watatu sebuleni, kwamba pesa iliyo mkebeni si yake. Ni ya wanachama ishirini na wawili. Haiguswi ila kwa kikao.

"Mwambie mama ni noti yenye mwaka wetu wa ndoa," nikasema. Siri ya miaka minne nikaitoa hivyo, kinyonge, juu ya nusu kilo ya nyama. "2006."

Mke wangu alinitazama kwa muda mrefu. Nikadhani ameguswa. "Baba Mueni," akasema, "ntheo ulileta mwaka gani?"

Kwa asiyejua, ntheo ni wale mbuzi wa kwanza wa mahari. Wakishachinjwa, kwetu mwanamke ameolewa.

"2005," nikasema. "Desemba."

"Na kanisani tulienda mwaka gani?"

Gavana hakungoja tarjumani. "Ntheo ndiyo ndoa," akasema hewani, bila kumtazama mtu. "Hiyo 2006 ni nambari ya keki."

Kikao cha Februari nilikubaliwa kuingia kama mgeni, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, ombi langu likawa la saba katika ajenda, baada ya viti vya plastiki vya kukodisha. Nilieleza habari za AA. Nilieleza Katiba, Omtatah, KICC na Mutiso. Akina mama walipiga makofi kwa Mutiso. Halafu mmoja akauliza kama noti hiyo ina thamani kubwa kuliko elfu, kwa sababu kama inayo, chama hakiwezi kuitoa kwa elfu. Nikanaswa hapo. Nikisema haina, kwa nini naitaka? Nikisema inayo, bei itapanda. Nikasema ina thamani kwangu tu. Wakanong'onezana kidogo. Wakanitoza elfu moja na mia mbili, zile mia mbili ni za usumbufu, na faini ya soda kwa kuchelewa dakika kumi.

Gavana aliingia chumbani mwake akatoka nayo. Ilikuwa imekunjwa mara nane. Niliinyoosha chini ya godoro wiki tatu, lakini ndovu sasa ana mkunjo katikati ya mbavu, na ukiiweka kwenye mwanga unaona miraba ya kitambaa kizima cha Gavana. Pembeni kuna nukta ya wino wa buluu. Ndunge anasema si yeye.

Iko kwenye albamu, mkabala na keki. Mke wangu ameandika chini yake kwa mkono wake, "2005". Albamu yenyewe imehamishiwa chumbani kwa Gavana kwa usalama, kwa hiyo siwezi kuiona. Ukitaka kuitazama pita nyumbani Jumamosi yoyote baada ya saa nane, umwulize Mama Mueni, na uje na mtungi wa maji.